Breki za Nyuma Nilizosema Zinafaa

Mshauri mpendwa, hili sijamwambia mtu, si mama, si rafiki ninayekaa naye dawati moja, na nakuandikia kwa sababu kuongea siwezi, nikitazamwa tu sauti inanikauka, ila karatasi hainitazami, na nianzie mbali: baba yangu ni fundi wa breki na macho yake hayaoni tena vitu vya karibu, na hakuna anayejua isipokuwa sisi wa nyumbani, kwa hiyo nikitoka shule huenda gereji kumsomea kalipa, kile chuma cha kupimia, na vitabu vya magari vilivyoandikwa kwa ile lugha nyingine tunayofundishwa nayo, na wateja wakiuliza mbona msichana, baba hucheka, "Huyu mwanangu kasoma, niacheni nijivune kidogo."

Mwanzoni aliniambia, "Usiniambie inafaa, nitajie namba." Lakini kutaja namba mbele ya wateja kulinishinda, nikawa nasema inafaa, au haifai, basi, naye taratibu akazoea.

Sasa breki nilizozoea kupima ni za diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, pedi mbili zinaibana huku na huku, ina namba imechongwa, ukipima ukakuta unene wake umezidi namba ile, inafaa. Wiki iliyopita mjomba, kaka yake mama, alileta gari lake la kubebea watoto wa shule ya msingi, mbele lina diski na nyuma lina ngoma, yaani kitu kama sufuria kinachofunika viatu vya breki, ukikanyaga pedali viatu vinajitanua kwa ndani na kuisimamisha, na ngoma siku zote baba hukagua mwenyewe kwa vidole, ila siku hiyo mteja mwingine alikuwa anamng'ang'ania, akaniambia, "Malizia hizo." Nikapima upana wa ndani. Namba niliiona imechongwa kwenye ngoma, maneno ya kando yake yalikuwa yameliwa na kutu, kipimo changu kikazidi namba, nikasema, "Zinafaa." Mjomba akanigonga begani, "Haya, daktari kashasema," akaondoka.

Jana alikuja mama mmoja mcheshi akamuuliza baba kwa nini gari lake lina diski mbele na ngoma nyuma, kwani walioliunda waliishiwa vyuma?

Baba akacheka. "Hapana, mama. Ukikanyaga breki uzito wote unakimbilia mbele, ndiyo maana mbele wanaweka diski, iko wazi, inapigwa upepo, inapoa upesi, hata ikilowa inakauka. Ngoma ni rahisi kuiunda, na hendibreki inaishika vizuri, ila imejifungia, joto halina pa kutokea, kwenye mteremko mrefu inachoka. Tena diski ugonjwa wake unauona ukichungulia tu. Ngoma inaugua kimyakimya." Halafu akasema, mimi nimesimama nyuma yake, "Diski hufa kwa kukonda, mama. Ngoma hufa kwa kutanuka."

Mshauri, spana iliniponyoka. Viatu vinaila ngoma kwa ndani kila siku na upana wake unaongezeka, pedali nayo inazidi kushuka, kwa hiyo namba ile haikuwa ya chini kabisa kama kwenye diski, ilikuwa ukomo wa juu, na mimi nikaona imepitwa nikasema zinafaa. Ningetaja namba, baba angeruka palepale.

"Vipi tena?" baba akauliza.

"Imeteleza tu."

Jioni nilienda nyumbani nimeshakusudia kusema, nikamkuta mjomba sebuleni, anamwambia baba, "Shemeji, mbona pedali siku hizi inashuka chini sana?" Na baba akamjibu, "Nyuma alipima huyu, ziko salama. Itakuwa hewa kwenye mipira ya mafuta ya breki, njoo Jumamosi tuitoe." Mjomba akasema, "Kama kapima daktari wangu, mimi nalala usingizi." Wakanigeukia wote wawili wanatabasamu, na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Nikisema, mjomba atauliza kwa nini fundi hakupima mwenyewe, na itajulikana haoni, na nani atapeleka breki zake kwa fundi asiyeona? Na nikinyamaza, gari lile kila siku linashuka mteremko wa shuleni limejaa. Lakini lililo baya kuliko yote ni hili, mdogo wangu wa mwisho hupanda gari hilo, na leo asubuhi nilimfundisha kusema tumbo linamuuma, akabaki nyumbani, anaona ni mchezo wetu, ananikonyeza, na gari lilipopita bila yeye, mtoto wa fundi cherehani, yule mwenye mapengo, alinipungia mkono dirishani. Nikampungia.

Nakuandikia wewe kwa sababu mjomba hukusikiliza redioni kila mchana akiwa anawasubiri watoto nje ya geti. Niambie nitaanzaje bila kumvunja baba, na nakuomba sana usitaje, nasikia ndara za baba kwenye korido, anakuja anapapasa ukuta, naificha hii chini ya mto, ngoja

*

Binti,

Karatasi yako nimeikuta mchana huu chini ya mlango wa studio, imekunjwa mpaka imekuwa kama kidonge, wala haina nukta ya mwisho. Nakuonea huruma. Nitakugombeza pia.

Kukosea kupima si dhambi. Uliachiwa kazi usiyofundishwa, na hilo ni la baba yako. Lakini tangu spana ilipokuponyoka unajua. Ulipomfundisha mdogo wako kuugua, ulikuwa umeshaamini gari lile linaweza kuua. Ukamtoa wa kwenu, ukawapungia wa wenzako. Hiyo usiiite kuona haya. Kuona haya ni kushindwa kusalimia wageni.

Unasema unamlinda baba. Siku gari likigoma kusimama, wataulizana ngoma zilipita mikononi mwa nani, na macho yake yatajulikana barabarani, mbele ya wazazi waliojishika vichwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bora yajulikane leo, gereji, kwa mdomo wako.

Ukisikia hii, acha ulichoshika, nenda. Usianze kwa kulia. Usiseme inafaa, usiseme haifai. Taja namba iliyochongwa na namba uliyopima, unyamaze. Mengine atayajua mwenyewe. Sauti ikikauka, chukua chaki uandike ukutani, tarakimu kubwa kama mlango. Na wewe fundi, ukishasikia, mtoto usimguse. Nenda ukapimwe macho, na mpaka hapo usiruhusu breki itoke gerejini kwa neno moja la mtu yeyote.

Jina lako sikulitaja, binti, wala silijui. Lakini sasa naongea na mtu mwingine.

Dereva uliyeegesha nje ya geti la shule, kiti umekilaza, pedali yako inashuka, na mtoto wa dada yako leo kashinda nyumbani na tumbo: usiwashe gari. Liache kwenye gia na uweke jiwe kwenye gurudumu, maana hendibreki unayoitegemea inashika ngoma hizo hizo. Chungulia upande wa ndani wa magurudumu ya nyuma. Ukiona pamelowa, hayo ni mafuta ya breki yanayokuacha. Ukikuta pakavu, bado usiwashe.

Kengele italia sasa hivi na watoto watakimbilia mlangoni. Usiwafungulie. Waende kwa miguu, wachoke, wakununie, yule mwenye mapengo akulilie. Leo baada ya barua hatupigi wimbo. Simu ya studio iko mbele yangu. Piga, uniambie umeshuka.

Nasubiri.