Chanja Zangu Si Uchawi

Jumatatu, 23 Juni
Nimegeuza chisense tangu asubuhi. Mgongo unauma. Dagaa hawa ukiwaacha wanakauka upande mmoja, wanaoza upande wa pili. Wenzangu hapa Kashikishi wanawamwaga mchangani, kisha wanakwenda kupiga soga. Mimi nawaanika juu, kwenye chanja nilizounda kwa matete na nyavu kuukuu. Ya kwanza ilianguka. Ya pili mbuzi walipanda juu. Wenzangu walinicheka sana, jirani yangu wa ufukweni Mama Odile kuliko wote. Leo wanunuzi kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, wamewapita samaki wa wenzangu, wenye mchanga, wakaja moja kwa moja kwangu. Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 25 Juni
Nasikia nina uchawi. Mama Odile, mwimbaji mwenzangu kanisani, amesema mbele ya akina mama wote: "Haiko bure hii. Iko bulozi." Nina hasira. Nilipokata matete peke yangu kwenye tope, huo uchawi ulikuwa wapi? Mbona haukunishikia panga?

Ijumaa, 27 Juni
Mchungaji amekuja. Ama chanja ziombewe, ama niondoke ufukweni. Kila Jumapili anatuhubiria asiyefanya kazi asile. Nimefanya, sasa anauliza nani alinisaidia. Nilikimbia vita huko Pweto, Kongo, bila hata sufuria. Hapa ndipo ninapolishia watoto. Siendi popote. Nimesema waombe.

Jumamosi, 28 Juni
Wameomba. Kwa maji! Ndoo nzima, juu ya samaki waliokwisha kukauka. Nimepiga kelele, wakasema ni pepo analia. Pepo gani? Ziwani hapa hata mtoto anajua chisense mkavu akilowa amekwisha. Mama Odile anajua! Ndiye aliyeshika ndoo.

Jumapili, 29 Juni
Samaki wananuka. Nimewatupa wote. Kanisani mchungaji ametangaza kwamba harufu ile ni pepo akitoka. Watu wakapiga makofi. Wakikauka vizuri ni shetani, wakioza ni Mungu. Jasho langu halihesabiwi popote. Sikuimba.

Jumatatu, 30 Juni
Boti zimerudi na chisense wengi. Nimeosha nyavu, nimewatandaza upya. Upepo mzuri.

Mchana Mama Odile amekuja. Akatazama huku na huku kama kuna anayetuona, akaniinamia sikioni. "Mama Ruti, uniambie mie tu. Ile dawa ulipataka wapi?"

Sikukasirika. Nimechoka kukasirika. Nimemwambia ukweli: kule kwenye matete, tope hadi magotini. Unakata mwenyewe, unafunga mwenyewe, chanja ikianguka unaisimamisha tena. Aliitikia kwa kichwa kila neno, akilishika moyoni. Kisha akauliza, akienda kukata, avae nguo ya rangi gani.

Nimemwambia avae ya zamani, kwa sababu ya tope.