Mstari Ulioniandikia Stesheni

Papa mpendwa,

Jumamosi iliyopita mtoto wa jirani aliolewa hapa mtaani kwetu Kikula. Juu ya viti vya maarusi walikuwa wamebandika maneno kwa karatasi za rangi: "Bwana aangalie kati ya mimi na wewe, tunapokuwa hatuonani." Watu wote waliona ni maneno matamu. Mimi, benchi la nyuma, niliinamisha kichwa. Mwanzo thelathini na moja, arobaini na tisa. Niliona mwandiko wako kabisa, ile penseli nene ya useremala uliyokuwa ukiiweka nyuma ya sikio.

Nimekuwa nikitaka kukuandikia kwa muda mrefu. Sasa nimepata pa kuanzia.

Nakukumbuka jioni, umerudi kutoka karakana, mikono bado ina vumbi la mbao, umeketi mlangoni na Biblia uliyopewa misheni ya Mulungwishi ulipokuwa kijana. Ulitufundisha kusoma humo, kidole chako kikitembea chini ya maneno. Nikikariri mstari mmoja kwa mbio ili niende kucheza, ulinirudisha. "Marta, hapana vile. Soma na ile ya juu, soma na ile ya chini." Nililia mara ngapi kwa ajili ya ile ya juu na ile ya chini!

Nakukumbuka pia na Célestin, siku zile mlipopendana. Alikuwa fundi wa umeme, na kila alipotumwa kazi kwenye bwawa la Mwadingusha alirudi na samaki wa mto Lufira wamefungwa kwa majani. Mama alisonga bukari, ule ugali wetu, nanyi wawili mkala sahani moja mkibishana juu ya kwaya. Paa la nyumba yetu ni yeye aliyelipiga mabati, siku tatu juani, kabla hata hujakubali anioe. Hukuuliza wazazi wake walitoka wapi. Alizaliwa hapa hapa Likasi, kama mimi.

Kisha Katanga ikajitenga na Kongo. Ikaja bendera mpya, na pamoja nayo swali ambalo zamani halikuulizwa bombani wala sokoni: weye ni mutu wa wapi? Célestin, ambaye Kasai, nchi ya wazazi wake, hakuwahi kuiona, siku moja akawa mtu wa Kasai. Kazini walimwambia asirudi. Walitupia mawe madirisha yetu, mtoto wetu Yulia akiwa na miaka miwili, akilia chini ya kitanda.

Ile Jumapili, mbele ya kanisa ulilokuwa ukihubiri, wanaume watatu walikuuliza kama ni kweli una Mkasai katika jamaa. Célestin alikuwa hatua nne nyuma yako, mtoto begani. Ulitazama viatu vyako. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Tulirudi nyumbani.

Uani ndipo yalipotoka.

"Nilikupigia paa," Célestin alisema. "Nilikuita Papa. Leo umeshindwa kusema minye ni mukwe wako?"

"Bantu banasema mingi. Minye siwezi kuwafunga kinywa."

"Basi tutaenda."

"Weye, enda. Marta na mutoto batabakia hapa."

"Ni bibi yangu! Ataenda na minye."

Hamkupigana, Papa, lakini nadhani ngumi zisingeumiza kama maneno yaliyofuata. Ulimwita mwizi wa watoto. Naye akakwambia unahubiri Mungu usiyemwamini. Mimi nilikuwa nimesimama katikati na sufuria mkononi.

Kitu kimoja ndicho kilichomvunja moyo Célestin: mama yake. Miguu yake ilikuwa imevimba, asingeweza safari ya siku nyingi ndani ya behewa lililojaa watu. "Mwende," alituambia. "Minye niko muzee, nani atanifanyia kitu?" Tukamwacha kwa jirani mmoja, tukiomba kwa Mungu.

Stesheni ulikuja, sikutegemea. Ulimbusu Yulia mashavu yote mawili, ukanibusu mimi. Célestin hukumpa mkono, naye hakukupa wake. Ulinitia Biblia yako kwenye kikapu, na treni ilipoondoka nikafungua ukurasa wa kwanza. Hakukuwa na jina wala salamu, ila mstari huo. Nilisoma ule peke yake, nikalia kwa furaha. Nilijiambia: Papa ametubariki. Nilimwonyesha Célestin. Akasoma, akageuza uso dirishani.

Huko Kasai, mjini Mwene-Ditu, tuliishi chumba kimoja. Barua zilikuwa hazipiti. Nilichukua kitambaa cheupe nikafuma maneno yako kwa uzi mwekundu, nikakitundika juu ya kitanda. Wanawake walikuja, wakapenda, wakaniomba niwafumie kwa ajili ya arusi za binti zao. Nilifuma vingi. Mpaka mchungaji mmoja mzee, nilipompelekea cha binti yake, akakishika kwa muda mrefu, akaniambia kwa upole, "Mama, umeisoma sura yote?"

Niliona haya, Papa. Mimi niliyefundishwa nawe! Nikakaa kwenye kizingiti chake nikasoma kuanzia juu.

Nikamkuta Labani na mkwewe Yakobo, waliodanganyana miaka ishirini. Nikamkuta Yakobo akitoroka na wake zake na watoto, na baba mkwe akimfuata kwa hasira. Nikaona lile rundo la mawe waliloliweka liwe mpaka kati yao. Mstari wangu haukuwa maneno ya wapendanao hata kidogo. Labani alikuwa akisema: sikuamini, nawe huniamini, nisipokuona, Mungu akuone. Usiwatese binti zangu. Mimi sitavuka mawe haya kuja kwako kwa ubaya, nawe usivuke kuja kwangu.

Nilirudi nyumbani nikang'oa kitambaa ukutani.

"Ulijua?" nilimwuliza Célestin.

"Tangu kwenye treni."

"Na haukuniambia?"

"Ulikuwa unalala muzuri chini yake," alisema.

Nilikukasirikia, Papa, kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilipanga maneno ya kukwambia. Nilikuwa nayo yote kichwani siku ile, Katanga ikiwa imekwisha kurudi ndani ya nchi, treni ilipotuteremsha tena Likasi. Célestin alitaka kwanza kumtafuta mama yake. Jirani tuliyemwachia alikuwa amehama. Nyumba ilikuwa tupu. Mume wangu aligonga milango ya karibu, hakuna aliyejua.

Tukaja kwako kwa sababu hatukuwa na pengine pa kuuliza.

Na uani kwako, Papa, kwenye kiti chako mwenyewe, miguu juu ya kigoda, alikaa yule bibi mzee tuliyemwacha, akichambua majani ya sombe na kumgombeza Mama kwamba anatia chumvi nyingi.

Célestin alipiga magoti palepale vumbini. Mama yake ndiye aliyetusimulia. Wewe ulijifanya unatafuta msumari. Kumbe kutoka stesheni hukupita nyumbani. Ulikwenda moja kwa moja ukamchukua kwa kitoroli cha karakana, ukamfunika kikwembe, kile kitenge cha Mama. Wale wanaume watatu walipokuja kumwulizia, ulisimama mlangoni. "Ni mama ya mukwe wangu," uliwaambia. "Hapa hakuna mutu atapita." Kanisani wakakunyang'anya mimbari miezi mingi.

Nilikuuliza baadaye kwa nini hukuniandikia mstari wa baraka. Ukasema, "Nilitafuta. Lakini nilikuwa nimenyamaza ile Jumapili. Kinywa yangu haikustahili baraka. Nikaandika ile nilijua nitaweza kufanya: nisimufanyie mukwe wangu mubaya, Mungu akiniona."

Maneno yangu yote ya hasira yaliniisha.

Nawaona hata leo, wewe na Célestin, mkila jioni ile sahani moja, bila kubishana, bila kutazamana sana. Labani na Yakobo nao walikula pamoja kwenye mawe yale. Hilo nalo limo katika sura, na hakuna anayelifuma kwenye kitambaa. Hamkurudia kupendana kama zamani. Mlisalimiana, mkasaidiana, hamkuumizana tena. Zamani niliona ni kidogo. Sasa nina mvi, nimeona watu waliopendana wakifanyiana nini, na sioni tena kuwa ni kidogo.

Siku tuliyokuzika wewe, Célestin alibeba jeneza lako mbele, upande wa kulia, akakataa kupokelewa. Njia nzima hakulia. Tulipobaki wawili alisema, "Papa yako hakunipenda sana, Marta. Lakini kwa ajili yangu alimwogopa Mungu." Ndipo akalia, na mimi nikamshika.

Hilo hukulisikia, nami sikutaka likae kwangu peke yangu. Pumzika, Papa. Sisi huku tuko, na tunaangaliana.

Ni mimi, binti yako,
Marta