Kiboko wa Shairi Langu

Dada Vero,

Shikamoo. Huku Sitalike mvua haikatiki. Jana niliwasomea wanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima shairi langu jipya, lile lisilo na vina. Nikawaeleza kwamba kiboko anayetajwa humo si kiboko, ni upweke wa binadamu.

Mama Sesilia, mkulima, akauliza, "Mwalimu, huo upweke unakula mpunga?"

Nikasema hauli. Mara kiboko mzima akatokea shambani, nyuma ya darasa letu! Nikapanda mezani. Wao wakamfukuza kwa kupiga madebe, kisha Mama Sesilia akanishusha.

"Nyie wasomi! Haya, tusomee tena."

Nikasoma huku nikichungulia shambani, na safari hii hakuna aliyeuliza maana.

Cheka, dada, mpaka nikusikie huku. Wapakate watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Anselmi