Nilisema Tuko Watano

Baba Paulo mume wangu,

Pokea salamu zangu. Mgongo unaendeleaje? Na yule ng'ombe mwenye jicho bovu? Mvua imefika Sepuka, au bado mnatazama mawingu? Darasani tumefundishwa kwamba barua huanza hivi: mimi ni mzima, hofu ni juu yako. Nimekataa kuandika hivyo. Wewe ni mzima, najua, maana ungeumwa kelele zako zingefika huku Rungwa. Hofu iko huku kwangu.

Rebeka mwanangu, wewe unayemsomea mjomba wako, soma polepole, usiruke neno hata likiwa chungu. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Herufi zikiwa zimelala, ziinue.

Baba Paulo, mwanetu Yohana anaumwa malale, na kosa ni langu. Kaa chini nikueleze, wala usinikunjie uso kabla sijamaliza.

Ulipokataa kuhamia kijiji hiki cha ujamaa kwa sababu ya ng'ombe ulifanya vema. Mbung'o wa huku wangewamaliza. Lakini mbung'o haumi ng'ombe tu. Baada ya mavuno watu wawili wa upande wa mtoni walianza kusinzia mchana kama kuku wagonjwa, na mmoja tumemzika. Ndipo akaja dresa wa zahanati, kijana mwembamba, na sanduku la darubini. Akapita nyumba kwa nyumba na balozi wetu wa nyumba kumi, anauliza watu ni wangapi ili kila mmoja atobolewe kidole aangaliwe damu.

Kwangu alinikuta napepeta uwele. "Shikamoo Bibi. Mko wangapi humu?"

Nikajibu, "Watano."

Tuko sita. Mimi, Paulo, mkewe Elizabeti, wajukuu wawili, na Yohana. Yohana alikuwa porini kwenye mizinga, na balozi ni mgeni, hatujui. Nilimwacha nje kwa makusudi. Marehemu mama yako ndiye aliyenifundisha: ukiulizwa idadi ya watu wako usiwataje wote, bakiza mmoja, kifo kikija kuhesabu kimkose. Wewe mwenyewe ukiulizwa una watoto wangapi unasema watatu, na wote wanne umewazaa. Kwa hiyo usinicheke.

Tukatobolewa watano. Damu safi. Dresa akaenda zake.

Wiki iliyofuata akabandika karatasi kubwa ukutani mwa bohari ya kijiji, tunakosomea sisi wazee. Mwalimu akasema leo tunasoma hiyo. Upande mmoja kuna jedwali: mistari ya kulala na ya kusimama, kila nyumba na mstari wake, na tarakimu ya watu, na tarakimu ya waliopimwa. Upande wa pili ni mambo yaleyale, ila yamechorwa. Fikiria nguzo za zizi lako, moja ndefu, moja fupi. Kila nyumba ina nguzo mbili zilizosimama pamoja, nyekundu ya watu waliomo, kijani ya waliopimwa. Kiraba kimoja, yaani mraba mdogo, ni mtu mmoja. Kijani ikiwa fupi, basi kuna mtu hajaonwa, na dresa atamfuata huyo hata shambani.

Nikaisoma mwenyewe, Baba Paulo! Nikaiona nyumba yangu. Nyekundu tano, kijani tano, zimelingana kama pembe za ng'ombe mzuri. Dresa akaniinua mbele ya darasa. "Mfano ni huyu bibi. Nyumba yake imekamilika." Mama Sija, jirani yangu mwenye mdomo, akanong'ona, "Wewe unasifiwa, sisi tunafukuzwa kama mbuzi waliokula mtama." Nami nikatembea siku ile shingo juu. Mjinga mimi.

Yohana akarudi na asali, na uvimbe nyuma ya shingo. Akasema ni mzinga ulimlalia begani. Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi. Kichwa kinamuuma hata anafunga kitambaa. Nikamwambia twende kwa dresa. Akacheka, unamjua. "Mama, mimi simo kwenye ukuta wenu. Malale yatanijuaje?"

Maneno hayo yaliniingia mifupani. Kila siku dresa alipita mlangoni kwangu akimfuata mtu wa kwa Mama Sija, asigeuze hata shingo. Angegeuza kwa nini? Nguzo zangu zimelingana. Ningeweza kumwita. Sikumwita. Niliogopa kuitwa mwongo na darasa zima, niliogopa pia kwamba nikimtaja ndio nitakuwa nimemtoa kwa kifo. Mwezi mzima nimekaa hivyo.

Juzi mchana Yohana alilala na tonge mkononi. Hajalifikisha kinywani. Elizabeti alimwita, nami nikamtikisa, akafumbua macho akanitazama kama mtu asiyenifahamu.

Nikaenda bohari bila hata kunawa. Darasa limejaa.

"Mwalimu, karatasi hiyo ni ya uongo."

Wakacheka. Dresa akauliza, "Wapi, Bibi?"

"Kwangu. Tuko sita."

Mama Sija akafumba mdomo, jambo ambalo sijapata kuliona. Dresa hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alifuta tano akaandika sita, kisha akanipa kalamu nyekundu. "Ongeza mwenyewe." Nikachora, kiraba kikatoka kimepinda. Nyekundu ikawa sita, kijani ikabaki tano, na juu yake pakabaki nafasi nyeupe. Nafasi ile, Baba Paulo, ni mtoto wetu. Ilikuwapo siku zote. Mimi ndiye niliyeificha.

Dresa alibeba sanduku lake saa ileile. Akamtoboa kidole, akainama kwenye darubini muda mrefu mno. Alipoinuka alisema neno moja tu: "Wamo."

Gari la kumpeleka hospitali linakuja kesho asubuhi. Huko atachomwa sindano ya uti wa mgongo, waone kama wadudu wamefika kichwani. Dresa anasema wakiwa hawajafika, atapona. Nikamuuliza, na wakiwa wamefika? Akaanza kufunga sanduku. Nitakwenda naye. Nimemfungia uji wa uwele na kibuyu cha asali yake mwenyewe.

Wasalimie binti zetu wawili, waje wakupikie, usile ugali baridi kwa kiburi. Msalimie dada yako, mama yake Rebeka, na mzee wa kanisa jirani yetu, amwombee Yohana kwa jina lake, asiseme "mgonjwa fulani".

Na wewe, sitaki machozi wala lawama, nitakuja kuzipokea mwenyewe. Nataka kitu kimoja. Ukishasomewa barua hii, kesho yake ukitoa ng'ombe, mtu akikuuliza una watoto wangapi, sema wanne. Mtu asipokuuliza, sema hivyohivyo. Usipunguze.

Ni mimi mkeo, Mama Paulo, wa nyumba ya watu sita.