Gauni la Malkia Aliyesimama

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Kisarawe tumeshavuna mihogo, na mdogo wangu Zuhura anakusalimu.

Umeuliza hilo gauni la Kizungu la karne ya kumi na saba unalojishonea nyumbani ulibane kiuno kiasi gani. Ujanani, tukiwa Kibaha, nilimshonea Zuhura la namna hiyo kwa mchezo wa kuigiza. Nilifuata picha, likamkaa kama picha. Jukwaani malkia alitakiwa kukaa kitini. Zuhura akashindwa, akasimama mpaka mwisho. Watu wakasifu gauni. Nilipomfungua, mbavu zilikuwa na alama za mishono.

Leo nimemsomea barua yako. Amesema, “Mwambie akae kwanza, ndiyo apime.”

Bibi yako