Mimi Ndiye Mama Teddy wa Darasa la Pumu

Shangazi Kandida, shikamoo, na poleni na kazi hapo redioni. Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana nikikosa jibu nitahama mji. Mimi ni kinyozi hapa Mlabani, mke wangu ana pumu, na mwezi wa tatu zahanati yetu ilianzisha darasa la pumu la kwenye simu, unaingizwa kwenye grupu la wasapu, kila wiki unatumiwa video na maswali, sasa mke wangu ana kitochi na simu kubwa ni yangu, nikamwambia nesi Levina aandike namba yangu ila jina aweke Mama Teddy, nitakuwa namwonyesha. Wiki ya kwanza nilimwonyesha kweli. Ya pili akahamia shambani Namawala kwenye mpunga, saluni haikuwa na wateja, nikafungua video mwenyewe, nikajibu maswali, nikapata kumi kwa kumi, Shangazi, mimi ambaye shuleni sikuwahi kuiona hata sita! Watu wakaandika "Hongera Mama Teddy", ningesemaje? Nikaandika asanteni wapendwa.

Toka hapo sikushikika. Najua kutikisa inhela, najua ya bluu ni ya kuokoa na ya kahawia ni ya kila siku hata kama hujisikii kuumwa, na tulipoambiwa tutume video ya kutengeneza kifaa cha kuvutia dawa kwa chupa ya maji nilijifunika kitenge cha mke wangu mpaka kwenye viganja, mama mmoja wa Kibaoni akaandika kwamba Mama Teddy ana mikono ya kazi. Siku hizi wananiita dada, wananiomba ushauri, na kuna mzee mmoja mjane ameanza kunifuata inboksi kunitakia usiku mwema.

Ile fomu ya kila Jumamosi pia najaza mimi, wiki hii umebanwa kifua mara ngapi, umeshtuka usingizini mara ngapi, nampigia simu mke wangu namuuliza habari za huko, anasema nzuri, basi najaza sifuri. Mara moja tu alizidiwa wakampeleka zahanati ya huko kwa bodaboda, akapata nafuu siku hiyo hiyo, nikaona nisiharibu rekodi. Nesi ameona sifuri miezi mitatu, daktari akafurahi akapunguza ile ya kahawia bila kumwona mgonjwa, maana dawa nachukua mimi na kuzituma shamba.

Tatizo, Shangazi, ni kwamba Mama Teddy amechaguliwa kuwa mgonjwa wa mfano. Alhamisi wageni wa wilaya wanakuja zahanati, anatakiwa asimame aeleze na aonyeshe, na mke wangu hajui lolote! Je, niseme amesafiri, au nimfundishe haraka haraka kwa simu? Naomba usinitaje jina.

Ni mimi Baba Teddy, kinyozi, mkabala na mashine ya kukoboa, Mlabani. Namba ya mke wangu nimeiandika endapo yangu haipatikani, ila tafadhali usiipige.

*Shangazi Kandida anajibu:*

Marahaba, Mama Teddy.

Umeomba nisikutaje jina, halafu ukaniandikia mpaka mashine ya kukoboa iliyo mbele yako. Sawa, sikutaji. Mlabani nzima imeshajitajia yenyewe.

Nimecheka, sikufichi. Nilipofika kwa yule mjane nikaomba maji. Halafu nikafika pale mkeo alipozidiwa, nikarudia kusoma. Maksi zako umeziandikia kurasa mbili, pumzi ya mkeo umeipa mstari mmoja! Na wiki hiyo hiyo ukajaza sifuri! Baba wewe, una akili timamu?

Haya, bwana kumi kwa kumi, nami nikuulize. Hapa kwetu mtu akiulizwa habari anajibu nini? Nzuri. Mwenye msiba anasema nzuri, aliyelazwa na dripu mkononi anasema nzuri, halafu ndipo anakuja na "ila". Habari yenyewe iko kwenye hiyo ila. Wewe ukisikia nzuri unakata simu, unakimbilia fomu.

Namba uliyonikataza nimeipiga asubuhi hii, na ninayoyasema hewani ameniruhusu mwenyewe. Nikamuuliza habari za shamba. "Nzuri, Shangazi." Sikukata. Nikangoja. "Ila," akasema, na kila baada ya maneno mawili namsikia anatafuta hewa, "ila kutoka majarubani mpaka kibandani siku hizi napumzika mara tatu. Na ile ya bluu imeisha tangu Jumanne." Nikamuuliza, umemwambia mumeo? Akasema, "Huwa ana haraka."

Yaani hapo alipo bado anakutetea. Nimeona aibu kwa niaba yako.

Usije ukalisingizia darasa. Darasa ni zuri, na wewe umelielewa kuliko wengi, ila mapafu si yako. Daktari amepunguza dawa kwa kuziamini sifuri zako. Alhamisi usitunge safari wala usimfundishe kwa simu mtu asiye na pumzi ya kukusikiliza. Kama atakuwa na nguvu aende, aeleze anavyoumwa, hata wageni wakikunja uso. Simu kubwa kuanzia leo ni yake, wewe chukua kitochi, kinakutosha. Na grupuni uandike kwa jina lako, uanze na yule mjane, masikini, kabla hajaleta posa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Sasa hivi mpigie nesi Levina, umwambie sifuri zote ni zako, halafu panda pikipiki uende Namawala. Nimemkataza mkeo asitembee hata kufika barabarani, kwa hiyo ingia mpaka kibandani. Kaka yake, Beatus, yuko huko huko na nimempigia pia. Akikutangulia, anampeleka zahanati ya karibu na wewe utawakuta, utamweleza shemeji yako ulikuwa unafanya nini. Na daktari akimuuliza mkeo swali, usimjibie hata umri wake.

Baba Teddy, bado unanisikiliza? Zima redio, mkeo hana pumzi!