Kitanda cha Juu ni cha Mgeni

Jumatatu, 4 Agosti

Vyuo viwili vimenikubali! Viwili! Mama aliacha cherehani katikati ya mshono akaja kunikumbatia, tepu yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Halafu akauliza jambo moja tu: kipi kiko karibu?

Cha karibu kimenipa biashara. Nitakwenda asubuhi na kurudi jioni. Cha mbali kimenipa sayansi ya udongo, ile niliyoililia tangu kidato cha pili, ila ni safari ya kutwa na lazima nikae hosteli. Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita usiku, kwenye mtandao. Ukishathibitisha, basi.

Najifanya napima masomo. Uongo. Napima nani atakuwepo siku nikianguka.

Jumatano, 6 Agosti

Dawa nakunywa asubuhi na jioni. Sijaanguka tangu mwezi wa tatu. Daktari wa kliniki anasema nina kifafa, sina kifungo – nisome popote, mradi nisikeshe. Rahisi kwake. Anayelala chumba kimoja na mimi ni mama. Mtu mzima mimi, nalindwa kama mtoto mchanga!

Na bafuni sifungi komeo. Natakiwa niimbe wakati wote ninapooga, ili anisikie. Nikinyamaza, na cherehani inanyamaza. Leo nilikatisha wimbo makusudi, kumkomoa. Alikuja mbio na mkasi mkononi, uso umempauka. Sikucheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Chuo cha mbali. Jana mimi na mama tulilala nyumba ya wageni, leo sisi tuliokubaliwa tumezungushwa kila mahali. Wenzangu wanaangalia maktaba, mimi naangalia kona za meza. Ngazi. Sakafu za saruji. Mungu wangu, ngazi za chuo hiki!

Lakini maabara ya udongo! Mitungi ya kioo imepangwa mpaka darini – udongo mwekundu, mweusi, wa kijivu kama jivu. Mhadhiri alinipa donge nilifinye, akauliza linaniambia nini. Nikasema mfinyanzi ni mwingi, mvua ikinyesha maji yatasimama juu. Akasema, wewe njoo. Nilisahau kuogopa kwa muda mzuri tu.

Kisha hosteli. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ndiye aliyetutembeza. Wanamwita Kasuku, na kweli hafungi mdomo. Chumba chao ni cha watu wanne, dabodeka mbili, nafasi imebaki moja. Akapiga godoro kofi: "Kitanda cha juu ni cha mgeni! Sisi wazee magoti yanauma."

Nikakitazama. Hakina hata ukingo. Chini saruji. Nikacheka kama wengine, nikasema mimi naogopa urefu. Akasema utazoea, bibie, hata mimi nililia wiki nzima! Mama akafungua mdomo. Nikamminya mkono. Akaufunga.

Kasuku amenipa namba yake. Sijui nimeichukua ya nini.

Jumapili, 10 Agosti

Tulipokaribia nyumbani mama akasema, "Mwanangu, yule binti siku akikuona atatoka mbio." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeuma. Na mimi nadhani atatoka mbio.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeanguka. Chuo cha karibu, kwenye foleni. Mkono hauandiki.

Alhamisi, 14 Agosti

Mwili wote unauma, ulimi nimeuuma vibaya. Nakumbuka dirisha la maelezo na viatu vya dada aliyekuwa mbele yangu. Baada ya hapo ni mama na anga. Katikati sina.

Ya katikati nimeyasikia leo nikiwa kitandani, mama akimsimulia jirani. Watu walirudi nyuma. Mmoja alipiga kelele nisiguswe, nitawaambukiza. Mlinzi alikuja na kijiko ili anipanue meno, mama akamsukuma mpaka kofia ikadondoka. Vijana walitoa simu. Wamenipiga picha! Nilipozinduka nilikuwa nimefungwa mtandio wa mama kiunoni, kwa hiyo najua na yale mengine. Aibu gani hii jamani.

Jioni mama akakaa ukingoni mwa kitanda. "Umeona? Na kama nisingekuwepo?"

Nimeona. Ila wale waliorudi nyuma ndio nitakaosoma nao. Nikamwambia, mama, darasani hutaingia. Nikianguka saa nne asubuhi wewe utakuwa hapa unapiga pindo. Akasema basi nisome kwa mtandao, nisitoke kabisa. Akarudi kwenye cherehani, na pindo likaenda upande akalifumua.

Ninaogopa kule. Ninaogopa hapa. Sasa ninaogopa mpaka chumba hiki, nisije nikazeekea humu.

Ijumaa, 15 Agosti

Tangu asubuhi mama ananisogezea simu. La kusoma kwa mtandao ameliacha: thibitisha cha karibu tupumzike. Saa kumi nikaichukua. Nikampigia Kasuku.

Si ujasiri. Woga umenizidi kimo, basi. Nikamwaga yote kwa pumzi moja: nina kifafa, urefu nilikudanganya, juzi nimeanguka mbele za watu, kitanda cha juu siwezi.

Kimya. Kasuku, kimya! Nikajua yamekwisha. Kidole kilikuwa kinatafuta pa kukatia.

Akauliza, "Sasa ukianguka, mimi nianze na nini?"

Miaka yote ninaanguka mimi, na mimi ndiye pekee nisiyewahi kuona. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamgeukia mama. Alikuwa amesikia kila neno, simu ilikuwa kwenye spika. Nilidhani atatikisa kichwa. Akajifuta mikono kwenye gauni, akanyoosha mkono, akaipokea.

"Mwanangu," akamwambia – mwanangu! – "kwanza usimshike mikono. Mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa. Mdomoni usimtie kitu, hata akikwambia nani. Akizinduka hatakufahamu, usiogope, mtajie jina lako..." Akakohoa. Akaendelea.

Giza limeingia. Amehamia chumbani na simu, mlango ameurudishia. Sijathibitisha chochote na mtandao unafungwa saa sita. Sithubutu kwenda kumwomba simu. Hajasema niende, hajasema nisiende. Namsikia tu: "Haya, tuseme ni mimi nimeanguka. Anza."

Kasuku ameanza. Amekosea. Mama anamrudisha mwanzo.